Anayesimama Kando ya Kiongozi

Ndugu wasomaji, tunapozungumza habari za uchaguzi, aghalabu macho yetu humtazama mtu mmoja tu, yule anayetaka kukalia kiti. Picha yake ndiyo ibandikwayo ukutani, na jina lake ndilo watoto wetu hulijua kwanza. Lakini ziko nchi ambazo mtu huyo haji peke yake mbele ya wananchi. Huja na mwenzake wa pili, aitwaye mgombea mwenza, na kura moja huwachagua wote wawili. Hapa kwetu Uganda mambo si hivyo, kwa kuwa Katiba ya mwaka 1995 humwachia Rais kumteua Makamu wake baada ya uchaguzi, naye Bunge humwidhinisha. Majirani zetu wa Tanzania na Kenya, lakini, wanaujua utaratibu huo barabara, na Marekani wameuzoea kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Nataka leo kuzungumza habari za huyo wa pili, na hasa jinsi anavyoweza kuwavuta au kuwafukuza wale wapiga kura ambao huitwa wahafidhina. Wahafidhina ni watu wanaopenda mambo ya asili yadumu: dini iheshimiwe, ndoa na nyumba zisivurugwe, kodi isiwe nzito, jeshi liwe imara. Kule Marekani wengi wao wamo katika chama cha Republican. Msiseme kwamba jambo hili li mbali nasi. Sisi tunaoishi kambini, wake kwa waume, twajua kuliko wengi maana ya mtu wa pili. Kamanda akianguka, askari hawaulizi nani alikuwa hodari wa kuhutubia. Huuliza nani anayefuata.

Mimi nilianza kulifikiri jambo hili mwaka 2008, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Siku hizo redio ya bwenini ilikuwa haizimwi. Kila mmoja wetu alikuwa akimshangilia Barack Obama, kwa sababu baba yake alizaliwa nchi jirani ya Kenya, nasi tulijiona kama tuliooa au kuolewa katika ukoo huo. Mwalimu wetu wa historia, mtu mzima asiyependa kelele, alituambia maneno ambayo sikuyasahau. Alisema: msimtazame tu yule mnayempenda, mtazameni na yule anayeshindana naye, mwone anawatafutaje watu wake. Basi nikaanza kumtazama John McCain.

McCain alikuwa askari, mwana na mjukuu wa maadmirali wa jeshi la majini. Mwaka 1967 ndege yake iliangushwa mjini Hanoi, akakaa mateka Vietnam kwa zaidi ya miaka mitano, hata mwaka 1973. Mtu angedhani kwamba wahafidhina wangemkimbilia mtu wa namna hiyo bila kuulizwa mara ya pili. La hasha. Walikuwa wakimshuku. Alikuwa amepinga punguzo la kodi la Rais George W. Bush, alikuwa ameshirikiana na wapinzani katika sheria za fedha za uchaguzi na katika mswada wa wahamiaji, na wengi walimwona kuwa mtu anayefuata kichwa chake mwenyewe. James Dobson, kiongozi mashuhuri wa Wakristo wa kiinjilisti, alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba hawezi kumpigia kura.

Moyo wa McCain ulikuwa ukimtaka rafiki yake Seneta Joe Lieberman, ambaye mwaka 2000 alikuwa mgombea mwenza wa chama kile kingine, Democratic. Urafiki wao ulikuwa wa kweli. Lakini Lieberman alikuwa akiunga mkono haki ya utoaji mimba, na washauri wakamwambia McCain kwamba akimchukua, wajumbe wake wataasi ndani ya ukumbi wa mkutano mkuu. Ndipo alipogeuka. Tarehe 29 Agosti 2008, mjini Dayton katika jimbo la Ohio, siku aliyotimiza miaka 72, alimtangaza Sarah Palin, gavana wa Alaska, mwanamke wa miaka 44, mama wa watoto watano.

Ndugu wasomaji, mabadiliko yaliyotokea hayakuhitaji darubini. Watu waliokuwa wamelala waliamka. Palin alikuwa akipinga utoaji mimba, na hakulipinga kwa maneno matupu, kwa kuwa mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa mwezi wa Aprili mwaka ule, alikuwa na ulemavu ambao mama alikuwa ameujua kabla ya kujifungua. Kijana wake mkubwa alikuwa askari, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule alipelekwa Irak. Mama yeyote wa kambini aliyesikia habari hiyo aliielewa bila mkalimani. Dobson akageuka akasema sasa atampigia McCain kura. Mikutano ikajaa, na mara nyingine ilikuwa vigumu kujua kama umati umekuja kumsikiliza wa kwanza au wa pili.

Lakini ulimwengu hauna wahafidhina peke yao. Katikati ya Septemba benki kubwa ya Lehman Brothers ilifilisika, na wananchi wakaanza kuuliza maswali ya mkate na nyumba. Mwanahabari wa televisheni Katie Couric alipomwuliza Palin husoma magazeti gani, hakuweza kutaja hata moja. Siku ya uchaguzi, kati ya wapiga kura waliohojiwa walipotoka vituoni, kama sita katika kila kumi walisema hafai kushika urais iwapo itambidi. Wengi walihesabu hivi: mzee ana miaka 72, amekwisha kuugua saratani ya ngozi, na wa pili yuko hatua moja tu nyuma yake. Obama alishinda kwa kura 365 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 173. Haingekuwa haki kumtwisha mama yule mzigo wote, kwa kuwa uchumi ulikuwa umeanguka na Rais aliyekuwapo alikuwa amechukiwa. Hata hivyo, McCain mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 2018, mwaka aliofariki, alieleza kwamba alijutia kutomchukua Lieberman.

Nilipokwisha kuhitimu na kupata cheti changu, nilifundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia ofisi ya wilaya. Katika kazi zote mbili nimekuwa nikisoma habari hizi kila nilipopata kitabu au gazeti, nami nimeona kwamba kisa cha mwaka 2008 kina mzee wake, nacho ni kisa cha mwaka 1976.

Mwaka huo Ronald Reagan, aliyekuwa mpenzi wa wahafidhina kuliko mtu yeyote, alishindana na Rais Gerald Ford ndani ya chama kimoja. Ford naye alikuwa ameonja uchungu wa mtu wa pili. Alipoingia madarakani mwaka 1974 baada ya Nixon kujiuzulu, alimteua Nelson Rockefeller kuwa Makamu, tajiri wa New York ambaye wahafidhina hawakutaka hata kulisikia jina lake. Manung'uniko yakazidi hata Rockefeller akatangaza, mwezi wa Novemba 1975, kwamba hatagombea tena. Basi Reagan alikuwa na silaha mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa safi machoni pa wahafidhina, na Ford ndiye aliyekuwa na doa.

Sikilizeni alivyofanya. Tarehe 26 Julai 1976, kabla ya mkutano mkuu wa Kansas City, alimtangaza Seneta Richard Schweiker wa Pennsylvania kuwa mgombea mwenza wake. Schweiker alikuwa akipiga kura mara nyingi upande wa vyama vya wafanyakazi, na wahafidhina walimhesabu kuwa mtu wa upande wa pili. Hesabu ya Reagan na meneja wake John Sears ilikuwa nyepesi: tutawapoteza wachache kwetu, tutawapata wajumbe wengi wa Pennsylvania. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Wajumbe wa Pennsylvania wengi walibaki na Ford. Kule kusini, katika jimbo la Mississippi, Clarke Reed, kiongozi wa chama ambaye Reagan alimtegemea, aligeukia upande wa Ford. Wahafidhina wengine walibaki na Reagan, lakini walibaki kama mtu aliyekalia kiti chenye msumari. Hesabu ya mwisho ilikuwa Ford 1,187, Reagan 1,070. Ford naye akamchukua Seneta Bob Dole wa Kansas ili kuwatuliza wahafidhina, kisha akashindwa na Jimmy Carter mwezi wa Novemba.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Kwa nini waumini wa Reagan walikasirika hivyo, hali yeye mwenyewe hakubadili hata neno moja katika imani yake? Naona sababu ni hii. Maneno ya kiongozi ni maneno, na kila mtu aweza kusema. Kumchagua mwenzake ni tendo, na ni tendo lake la kwanza kabla hajapata madaraka. Mtu aliyekuamini kwa sababu ya msimamo wako humtazama mwenzako kama ushahidi: je, ulikuwa ukisema kweli, au ulikuwa ukitafuta kiti? Wahafidhina, kwa tabia yao, huogopa sana kuuzwa. Wamezoea kuombwa kura kwa jina la dini na nyumba, kisha kusahauliwa. Kwa hiyo wa pili akiwa si mtu wao, hawasemi kwamba wa pili ni mbaya. Husema kwamba wa kwanza ametuuza.

Mambo yangekwisha hapo, somo lingekuwa rahisi: mpe mhafidhina mtu wake, naye atakuja. Lakini tazameni mwaka 1980. Reagan alirudi, akashinda ndani ya chama, kisha mjini Detroit akamchukua George Bush, mtu wa mrengo wa wastani, ambaye katika kampeni alikuwa ameuita mpango wake wa uchumi kuwa uchumi wa kichawi. Wahafidhina walinung'unika tena. Safari hii, lakini, hawakuondoka. Kwanza, Bush alikubali waziwazi kuifuata ilani ya chama pamoja na kifungu chake cha kupinga utoaji mimba. Pili, Reagan alikuwa amekwisha kushinda kwa jina lake mwenyewe, na hakuna aliyeweza kusema amemwuza mtu ili apate kura za wajumbe. Walishinda kwa kura 489 dhidi ya 49 za Carter.

Tena liko jambo moja ambalo naomba askari walisome kwa makini. Tarehe 30 Machi 1981 Reagan alipigwa risasi mjini Washington. Bush alikuwa angani, akitoka Texas. Alipofika, wasaidizi walimshauri helikopta imshushe moja kwa moja katika uwanja wa Ikulu, ili taifa limwone. Akakataa. Alisema uwanja ule ni wa Rais peke yake, akashukia nyumbani kwake na kwenda Ikulu kwa gari. Siku ile, naamini, wahafidhina waliomshuku walimjua kuliko walivyomjua kwa hotuba mia. Mtu wa pili hupimwa pia kwa kiasi chake siku kiti kinapokuwa kitupu.

Katika miaka ya karibuni mambo yamerudia. Mwaka 2016 Donald Trump, aliyekwisha kuoa mara tatu na aliyewahi kusema anaunga mkono haki ya utoaji mimba, alikuwa na tatizo na watu wa dini. Akamchukua Mike Pence, gavana wa Indiana, aliyezoea kujieleza kwamba yeye kwanza ni Mkristo, kisha mhafidhina, kisha mwanachama wa Republican. Kwa wengi Pence alikuwa kama dhamana, mfano wa mtu anayekwenda kumwekea sahihi jirani asiyejulikana dukani. Wakristo wa kiinjilisti weupe, kama wanane katika kila kumi, walimpa Trump kura. Lakini tarehe 6 Januari 2021, Pence alipokataa kuyatengua matokeo ya uchaguzi walioshindwa, umati ulimgeukia. Mwaka 2024 Trump hakuhitaji tena dhamana. Wahafidhina walikuwa wamekwisha kuwa wake. Alimchukua J. D. Vance, seneta wa Ohio mwenye miaka 39, mtu wa kuendeleza njia yake mwenyewe, nao wakashinda.

Wataalamu wawili wa siasa wa Marekani, Christopher Devine na Kyle Kopko, walichapisha mwaka 2020 kitabu juu ya jambo hili hili. Walichoona ni kwamba ni wapiga kura wachache mno wanaogeuza kura kwa sababu ya mtu wa pili mwenyewe. Nguvu yake hupitia mlango mwingine: humfanya mpiga kura amhukumu wa kwanza, kama ana akili ya kuchagua na kama asemayo ndiyo aaminiyo. Nilifurahi niliposoma hivyo, kwa kuwa ndivyo hata wazee wetu walivyosema, kwamba ukitaka kumjua mtu mtazame anaotembea nao.

Sasa niwaeleze kwa nini habari hizi zimenikaa moyoni. Mume wangu ni askari polisi, nasi twaishi kambini. Akina mama wa kambi yetu wana chama cha kuweka na kukopa, nao mwaka juzi walinitaka niwe mwenyekiti. Desturi ya chama ni kwamba mwenyekiti hupendekeza makamu wake, kisha wanachama hupiga kura moja kwa wote wawili. Fedha zile si za mchezo. Humo mna akiba ya wajane, mna karo za watoto, mna pesa za mama ambaye mume wake yuko Somalia na mshahara umechelewa.

Wanachama walikuwa wamegawanyika. Vijana walitaka mikopo ya biashara, cherehani na mitaji ya sokoni. Wazee walitaka fedha zitoke kwa ugonjwa, msiba na shule tu, kama zilivyotoka tangu chama kianze. Hao ndio wahafidhina wetu, na tusiwacheke, kwa sababu wao ndio waliokilinda chama miaka ambayo vyama vingine vilikufa. Wote walijua kwamba mimi naelekea upande wa vijana. Rafiki zangu wakaniambia nimchukue mwenzetu mmoja hodari, tushinde kwa wingi wetu. Wengine wakaniambia nimchukue bibi yeyote mwenye mvi anayependwa kanisani na msikitini, ili wazee watulie.

Nikajiuliza maswali matatu, na nayaandika hapa kwa faida ya yeyote atakayefikwa na jambo kama hilo. La kwanza: watu wanaoniogopa wakimwona mtu huyu, wataona kwamba nimewasikia, au wataona kwamba nimewapamba? La pili: je, aweza kuniambia hapana mbele yangu, na kunitetea nyuma yangu? La tatu, nalo ndilo kubwa: nikiondoka kesho asubuhi, je, funguo za sanduku zitakuwa salama mkononi mwake?

Swali hilo la tatu si la kufikirika. Sisi watu wa kambini twaishi juu ya barua ya uhamisho. Kule Marekani makamu tisa wamewahi kurithi urais kabla ya muda, wanane kwa kifo na mmoja kwa kujiuzulu kwa Rais. Tanzania walilijua jambo hilo mwezi wa Machi 2021, Rais John Magufuli alipofariki, na Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa mgombea mwenza wake mara mbili, akaapishwa kuwa Rais. Wangapi kati ya waliopiga kura mwaka 2020 walikuwa wamelitafakari jina lile la pili kwa dakika mbili?

Nilimpendekeza mjane mmoja wa sajini, mama mkali, ambaye alikuwa amepinga mikopo ya biashara katika kila mkutano. Nilimfuata nyumbani, nikamwambia: Mama, sikuombi ugeuze mawazo yako, nakuomba uyalete mezani na uishike daftari. Akaniuliza kama nitakubali akiikataa sahihi yake kwa mkopo asioridhika nao. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu ya kuja kwake. Vijana wengine walinuna, na mmoja alisema nimewageuka. Nikawaeleza mbele ya wote kwamba mikopo ya cherehani itatolewa, lakini hakuna utakaotoka bila macho ya mtu anayeuogopa. Wazee walipiga kura, na vijana, baada ya mabishano marefu, nao walipiga.

Tangu siku hiyo amenikatalia mikopo minne. Miwili nilikasirika nayo wiki nzima. Mikopo ya cherehani iliyotoka imerudi yote. Na mwezi uliopita barua ya uhamisho wa mume wangu imekuja, nami nimeomba ofisi yangu inihamishe pamoja naye. Jumamosi tulihesabu sanduku pamoja, tukalinganisha na daftari, tukaona hakuna hata shilingi iliyopungua. Wanachama hawakuuliza sasa itakuwaje, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kumchagua.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, hata kama nchi yenu haina karatasi ya kura yenye majina mawili, mnayo mengi ya kuchagua yenye mtu wa kwanza na wa pili: chama cha ushirika, kamati ya wazazi, baraza la kanisa au la msikiti, hata msimamizi wa mirathi na yule atakayemsaidia. Msisikilize ahadi tu. Ulizeni ni nani atakayesimama kando, na kwa nini amechaguliwa yeye. Akiwa ni pambo, mtaliona kwa urahisi, kwa sababu pambo halipewi funguo.